Kauli ya Kutendwa

Sechelela ameweka daftari mezani.
Umeme wa Kongwa umekatika tangu magharibi,
anaandika kwa tochi ya simu ya mama yake.
Zoezi la nne: geuza sentensi hizi ziwe kauli ya kutenda.
Mbuzi alifungwa. Baba alimfunga mbuzi.
Uwele ulipepetwa. Mama alipepeta uwele.
Halafu anauma kalamu.
Babu, kama aliyefanya hakutajwa, nimtoe wapi?

Namwambia akalale.

Nilikuwa karani wa kikosi, Koplo Malogo,
mwenye mashine ya chapa na sanduku la kaboni.
Mateka kumi na mmoja walishushwa usiku kwenye lori,
wakaingizwa ghala la karanga la Wazungu walioondoka zamani,
sakafu bado inanuka maganda na mafuta yaliyochacha.
Meza yangu ilikuwa upande wa pili wa bati.
Bati si ukuta. Bati ni sikio.

Meja Kihwelo hakuamuru mtu apigwe.
Nataka hili lieleweke,
maana yeye mwenyewe alitaka lieleweke.
Alisimama mlangoni akipangusa vumbi la kofia,
akasema: Sajenti, wachangamshe kidogo.
Kisha akaenda Mpwapwa harusini.
Wachangamshe.
Neno la kumwambia mtoto aliyeamka na usingizi.

Sajenti Nyaulingo alishika mpini wa jembe.
Vijana walikuwa wanne. Mmoja wao, Chidawali,
alitoka nje akatapika,
akafuta mdomo,
akarudi ndani.
Mimi nilikuwa napiga orodha ya mablanketi.
Kipigo kule, herufi huku.
Nilipoona vinakwenda pamoja
nikabadili mwendo, nikapiga haraka zaidi.
Ndilo nililofanya usiku ule. Nilibadili mwendo.

Mmoja aliita kwa Kiswahili cha kwao: Maji iko?
Yalikuwepo. Pipa lilikuwa mlangoni kwangu
na kopo juu yake.
Hatua nane. Mwaka juzi nilikwenda kuzipima,
kwa miguu hii zimekuwa kumi na moja.

Asubuhi ripoti, nakala tatu.
Niliandika: Sajenti Nyaulingo aliwapiga mateka.
Meja akasoma, punje ya pilau bado kwenye masharubu,
akalikata jina kwa kalamu nyekundu,
akasema kwa upole wa mwalimu:
Koplo, tia w hapo.
Mateka walipigwa.
Herufi moja, na mtu mzima akaingia ndani yake
na mpini wake, akajifunika.
Na wale wawili ambao hawakuamka?
Nikajiongeza mwenyewe, bila kuambiwa:
walifikwa na mauti.
Hapo mtenda yupo, Mauti,
hana namba ya jeshi, hana kwao pa kupelekewa barua.
Meja akacheka. Akaniita mwandishi.

Alizikwa kwa heshima zote.
Nyaulingo alifungua duka la pembejeo Kibaigwa,
nimenunua mbegu za alizeti kwake misimu mitatu,
tukaongea habari za mvua.
Akipatikana wa kuniuliza, nasema:
mimi nilipiga chapa tu.
Usiku lile neno la pili linadondoka,
linabaki la kwanza.

Sasa Sechelela anakoroma. Nachukua kalamu yake,
wino wa zambarau wenye vumbi la kumetameta,
naongeza chini ya zoezi, sentensi ya sita.
Mateka walipigwa. Nyaulingo aliwapiga.
Naifuta. Kihwelo aliwapiga kwa neno la adabu.
Nayo inapungua mahali. Naandika zote mbili, na Chidawali,
na wale watatu niliowasahau majina,
mpaka mstari unapanda pembeni ya ukurasa.
Ya saba: Hakupewa maji.
Hii haikunisumbua kuigeuza.
Sikumpa.

Mwalimu atasahihisha Jumatatu.
Sijui ataweka vema au mkasi.
Ila najua asubuhi Sechelela atanuna:
Babu, umenichafulia daftari.