Kura ya Bahasha

Jumamosi usiku Ezamo alibisha hodi,
mzee wa kanisa, yule anayepitisha sinia la mkate.
Akavua viatu, akaisifu nyama ya nguruwe iliyoning'inia moshini,
kisha akaweka mezani rupia elfu mbili kwa kila kichwa.
Vichwa sita. Alihesabu na cha mama mkwe,
tuliyemzika kabla machungwa hayajaiva.

Sikusema neno.
Na nilikuwa nimetia sahihi kile kikaratasi cha kijani
walichogawa baada ya ibada: kura yangu siiuzi.
Kutia sahihi ni rahisi. Hata kalamu ilikuwa ya kanisa.

Kadi zetu hukaa kwa shemeji, Yanpothung,
katika kopo la biskuti, zimefungwa kwa mpira.
Ukoo ulishakaa, ukoo ulishaamua,
na vijana wawili, vidole wamevipaka nta,
watapanga foleni mara kumi kumi, waturahisishie.
"Wewe kachume machungwa ya mwisho," aliniambia.
"Mungu hutazama moyo, hatazami kidole."

Maneno matamu. Nilikwenda nayo kisimani, nikarudi nayo.
Lakini moyo usio na kidole, niliwaza nikiteka,
ni ndoo isiyo na kamba:
maji unayaona, na kiu iko pale pale.

Siku ilipofika, ukungu ungali bondeni Doyang,
nikalifungua kopo shemeji akikoroma.
Shuleni, chini ya ramani ya India iliyochanika kona,
karani mgeni, mtu wa tambarare, baridi imemkaba,
alikimbiza rula kwenye orodha. Rula ikasimama.
"Mama, umeshapiga."

Nikamwonyesha kidole cha kushoto.
Hakina wino; kina udongo tu.
Nyuma yangu mtu akacheka:
"Nenda nyumbani, dada, kura yako imeingia salama."
Nikachungulia orodha. Mama mkwe naye ameshapiga,
marehemu ametangulia foleni.

Nikasema, sitoki.
Magoti haya, yaliyozoea mbao za sakafu kila alfajiri,
yalitetemeka kama ya mwizi.
Sikuomba muujiza. Niliomba fomu.

Karani akapekua kanuni, ukurasa kwa ukurasa,
foleni ikanung'unika, mtoto akalia,
hatimaye akatoa karatasi. Mashine, ile yenye mlio, si yangu.
"Hii huingia kwenye bahasha," akanong'ona kama anayeungama.
"Haihesabiwi na nyingine.
Labda mahakama iamuru. Labda isifunguliwe kamwe."

Kamwe.
Ni mara ngapi nimesema maneno gizani,
nikayafunga kwa Amina kama kwa lakiri,
nisijue yamefika wapi wala nani ameyafungua?
Nikapiga.
Kwa nani, hapo tuache.
Mungu alikuwapo, naye hatangazi.

Alishinda yule aliyepangiwa kushinda.
Wakalipua fataki mpaka mbwa wakakimbilia msituni.
Shemeji hakukanyaga kwetu wiki nzima.
Mume wangu alimenya chungwa, akanipa nusu, akanyamaza.
Fedha za Ezamo nilizisukuma chini ya mlango wake,
zimepungua elfu mbili: mwanangu mkubwa alikataa.
Hatujawa watakatifu kiasi hicho.

Jumapili ikawa Meza ya Bwana.
Sinia likaja safu kwa safu, mikononi mwa Ezamo,
na kidole changu, mstari mweusi ukuchani,
kikashuka mbele ya macho yake.
Sinia lilicheza kidogo,
au ni mkono wangu, sina hakika.
Nikaokota kipande.
Hakikuwa kikubwa kuliko cha mwenzangu,
hakikuwa kidogo.
Kimoja.