Daftari la Batili

Darasa la nne, leo hatufungui kitabu cha hesabu.
Wekeni penseli. Famau, toka hapo dirishani,
punda wa watu hawajambo, waache wapite.

Hili ni daftari la kurasa mia.
Jalada limeng'oka, likashonwa kwa uzi wa mshipi.
Mwenyewe ni Barke binti Shee, wa Langoni,
mwanamke wa kwanza wa kisiwa hiki
kubandikwa namba kifuani
akashindana kuruka umbali.
Ndiyo, ni yuyo huyo anayewauzia mabuyu
mkarudi darasani na ndimi nyekundu.
Msicheke. Tima, soma ukurasa wa kwanza.

*Jumatatu: batili. Jumanne: batili.
Jumatano: batili, na goti limechubuka.
Alhamisi: mita tatu na nusu.
Ijumaa nimepumzika.
Jumamosi: batili.*

Batili ni mruko uliokanyaga mstari.
Jaji huinua kibendera chekundu,
ikawa kama hukuruka.
Lakini miguu inajua kuwa imeruka.

Hakuwa na shimo la mchanga.
Mwashangaa: Lamu, akose mchanga?
Mchanga ni wa kujengea, watoto,
una bei, una mwenyewe, una punda wake.
Kaka yake akiuchukua Shela kwa shogi,
naye kila shogi akiomba kopo moja.
Kopo, kopo, nyuma ya gofu,
shimo likajaa mwezi wa Shaabani.
Ramadhani mosi fundi mmoja akaliona,
akauzoa mchanga wote kwa karai, akapigia lipu.
Nyumba yenyewe iko Mkomani, ghorofa mbili.
Hata leo Barke akiipita husema,
"Mle ukutani mna mwaka wangu mmoja."

Kisha akaenda kuomba kopo la kwanza.

Na watu? Watu walisema.
Msichana gani huyu, anarukaruka kama panzi,
nani atakuja kumposa?
Bibi yake alikuwa mshonaji, hakuinua macho.
Alimshonea suruali ya kufika vifundoni,
akamwazima na futi ya cherehani:
"Pima. Maneno ya watu hayana sentimita."

Futi ile ni sentimita mia na hamsini.
Mara tatu, ngapi? Mia nne na hamsini, ahsante.
Huko alifika ukurasa wa arubaini.
Sasa sikilizeni: kutoka hapo,
miezi mitano, aliongeza sentimita nne.
Nionyesheni sentimita nne kwa vidole.
Punguza, Tima. Hapo.
Upana wa kisanduku cha kiberiti.
Miezi mitano.

Akavuka hadi Mokowe, akapanda basi la alfajiri,
akafika Mombasa miguu imevimba kwa kukaa.
Mruko wa kwanza, batili.
Wa pili, batili.
Nawaona mmeshika midomo.
Wa tatu, mita tano na sentimita saba.

Akawa wa sita.

Najua, mlitaka awe wa kwanza.
Nami nilitaka, nilipolisoma mara ya kwanza
nililiruka ukurasa huu kwa hasira.
Lakini tazameni alichoandika usiku ule ndani ya basi,
herufi zinayumba kwa mashimo ya barabara:
*Wa sita kati ya kumi na mmoja.
Jumatatu, mazoezi.*

Mwaka wa pili yake walikuwa watatu kutoka Lamu.
Mmoja wao alimshinda Barke kwa kiganja kizima,
na hilo nalo limeandikwa humu, kwa wino wa kijani.

Kazi yenu ya nyumbani ni kuhesabu batili zote.
Mimi nimefika mia tatu na kumi na mbili, nikapotea.

Ehe, Famau?
*Mwalimu, mbona hakuzifuta?*

Famau, daftari lako la hesabu lina matundu,
umefuta hadi karatasi imechoka.
Swali hilo silijibu mimi.
Kengele ikilia, yeye yuko pale mlangoni na beseni lake.
Nenda na shilingi kumi.
Ukamwulize.