Mstari wa Kumi na Nne

Katika jedwali langu, mstari wa kumi na nne,
daraja la Kyanjuki bado limesimama:
nguzo nne, mita thelathini na mbili,
mkopo wa miaka ishirini,
malipo yajayo tarehe kumi na tano Juni.

Mto Nyamwamba haujapata kusoma jedwali.
Uliteremka usiku na mawe ya ukubwa wa pikapu,
ukang'oa daraja, ukapitia wodi ya wazazi,
ukachukua mbuzi watatu wa shangazi Kabugho
na mlango wake wa bluu,
uliokuja kuonekana na wavuvi Ziwa Joji,
umelala juu ya mafunjo kama kitanda cha mtu.

Jumatatu, Kampala, ghorofa ya tatu,
nilimuuliza Bwana Ocitti:
"Mstari wa kumi na nne tuufute?"
Akavua miwani, akaipangusa kwa tai.
"Kilichozama ni daraja, Ithungu.
Deni linajua kuogelea."

Kukopa harusi, kulipa matanga, hilo tulilijua.
Ila matanga haya hayaanui:
tunamlipia marehemu
huku tunakopa mahari ya mdogo wake.

Wakaja wapimaji wa madeni, wawili, wapole,
wakakataa chai, wakaomba maji ya chupa.
Waliuliza mvua. Waliuliza kahawa,
maana kahawa ikikauka na dola hukauka.
Waliuliza Karamoja ina miezi mingapi ya vumbi,
na ziwa pale Entebbe limepanda ngazi ngapi.
Nilijibu yote. Nilijibu vizuri mno.
Kila jibu langu la kweli lilitupunguzia alama.

Mwezi uliofuata herufi yetu ikashuka daraja moja
(hata neno lenyewe linanicheka)
na riba ikapanda, kama mizani ya sokoni
inayoinuka upande usio na kitu.

Jumamosi nilikuwa nyumbani.
Kikundi cha akiba kimekaa kwenye mkeka,
sanduku katikati, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu.
Thembo, mweka hazina, akasoma bila kuinua macho:
"Kabugho, shamba lako liko ukingoni.
Wa mlimani, hamsini kwa kila elfu. Wewe, mia."
Shangazi akafunga upya kanga kiunoni, polepole.
"Kwani mto niliuita mimi?"

Nikatazama viatu vyangu.
Sentensi ya Thembo nilikuwa nimeshaisikia,
kwa Kiingereza, ghorofa ya tatu,
na jibu la shangazi hakuna aliyelitoa kule.
Aliyelowa ndiye huuziwa mwavuli ghali.

Usiku ule mawingu yalifunguka kidogo.
Juu kabisa, Nzururu, theluji ya Ruwenzori,
ukucha mweupe tu, pale ambapo bibi
alituonyesha shuka nzima.
Mimi mtu wa hesabu ningeandika hivi:
*Akiba isiyoguswa: imeguswa.*
*Mtoaji: hakusaini.*
Shangazi hana gari. Hana hata pikipiki.
Moshi wake wote ni wa chungu kimoja cha maharage.

Tarehe kumi na tano Juni, saa nne asubuhi,
nikabonyeza kitufe. Pesa zikaenda.
Saa hiyohiyo, alinieleza baadaye,
alikuwa mgongoni kwa kijana mmoja,
katikati ya maji, kahawa yake kichwani,
kijana akihesabu mawe kwa vidole vya miguu.
Mia tano kwenda, mia tano kurudi.
Mzigo unalipiwa peke yake.

Mashine ikatema risiti, bado ina joto.
Nikaisoma, nikaitia kwenye faili:

*Kyanjuki, daraja.*
*Awamu ya saba: imelipwa.*
*Hali ya mali: inatumika.*