Mita Sitini

Hakuna aliyekufa, basi
hakuna aliyemletea Vizma sufuria ya matanga.
Alivua vipokea sauti, akaacha beji mezani,
akapanda tramu ya alfajiri, akapitiliza kituo chake.
Alikuwa ametamka tisa.
Alikusudia tano.

Kule uwanjani Riga watu mia tatu na kumi na wawili
walisubiri mabegi. Mmoja aligombea kigari cha mtoto
kilichong'oka gurudumu. Mwingine alifuta kahawa shatini
akimlaani rubani kwa kuipandisha ndege ghafla vile.
Wakaenda zao.

Nyumbani, Gunvaldis ameandaa vikombe viwili.
Vizma anakisogeza kimoja, tena kidogo,
mpaka ukingoni mwa meza.
"Kuna nini?"
"Hakuna kitu," anajibu, na hasemi uongo:
mita sitini za hakuna kitu,
hewa tupu juu ya mawingu, isiyo na alama wala kaburi,
ndiyo iliyomkwama kooni.

Ndege ya saa mbili inapita juu ya paa.
Chai inatetemeka, inatulia.
Gunvaldis anakunywa.
Yeye anasubiri ya pili.