Mikwaruzo ya Kiti

Kijana wa vivuli alifika Jumanne,
mkoba wa vitambaa begani,
futi ya chuma kiunoni kama funguo za askari jela.
Lahoz, akajitaja. Akaomba maji kwanza.
Ghorofa ya sita, Zaragoza, mwezi wa sita,
na lifti yetu ina siku zake.

Akatandaza mezani alivyokuja navyo:
turubai la kujikunja, mistari ya kijani na nyeupe;
papi za alumini zinazopinduka kwa rimoti
kama kope za mtu anayejifanya amelala;
na kioo, vipande sita vya kuteleza relini.
"Roshani inakuwa chumba, mama.
Hata Cierzo hataijua njia."
Cierzo, ule upepo wetu usiobisha hodi.

Noelia, binti yangu, kwenye simu, alitaka kioo.
Kioo hakileti vumbi. Kioo kina thamani siku ya kuuza.
Nani anauza? nikamuuliza.
Akanyamaza kidogo, akarudi kwenye vumbi.

Herminia wa ghorofa ya tatu akapanda kwa ngazi,
hakuitwa, alifika tu kama harufu ya kitunguu,
kutukumbusha kikao cha wakazi:
rangi ni kijani, kijani kile kile,
atakayeweka bluu atajibu kwa wakili.
Turubai lake mwenyewe Cierzo alilipokonya Februari,
likakutwa limelivika bango la duka la dawa.
Hilo hakulitaja. Nililitaja mimi.

Eutimio alikuwa sebuleni, nyuma ya pazia,
kofia kichwani ndani ya nyumba,
bandeji juu ya sikio, pale walipochota kipande
kisichozidi ukucha.
"Jua," daktari alimwambia, "umekwisha kulimaliza fungu lako."
Anamwambia hivyo mtu aliyemwaga lami barabarani
miaka thelathini na mmoja, shingo wazi,
kisha akastaafu, akanunua kiti cha chuma
ili aote jua kwa hiari yake.

Roshani inatazama wapi? Lahoz akauliza.
Sikuwa na jibu.
Miaka arobaini naanika shuka pale,
sikuwa na jibu.
Akatoa simu atafute dira. Nikamwambia, acha.
Tazama chini.

Kwenye vigae, mikwaruzo.
Miguu minne ya kile kiti,
asubuhi kwenye bomba la maji ya mvua,
adhuhuri katikati,
jioni ukutani, penye rangi iliyobanduka;
na ile ya majira ya baridi imechimbika zaidi,
maana jua la Januari lina haraka
na mzee alilifuata kama mdai.

Lahoz akapiga magoti, akapima, akaandika kiganjani.
"Huyu," akasema, "ameshanifanyia kazi."
Akapiga mstari wa chaki.

"Nikifungiwa kioo, mbayuwayu nitawasikia?"
Sauti kutoka nyuma ya pazia.
"Kwa mbali, mzee."
"Na turubai?"
"Utawasikia, hutawaona."
"Na hizo papi?"
Lahoz akaishika sampuli juu, akaipindua kwa kidole, taratibu.
Mistari ya mwanga ikaangukia chaki,
ikaangukia kandambili za Eutimio,
ambaye alishatoka, hakuna aliyemwona akitoka.

Kisha Lahoz akataja bei.
Nikakaa.

Tuliweka turubai. Kijani cha Herminia.
Linafika kwenye chaki, halizidi;
mita moja na kitu nimewaachia shuka na mbayuwayu.
Cierzo akianza kuguna usiku
Eutimio huamka na soksi zake, akalikunja kwa mkono,
mizunguko ishirini na mbili, anaihesabu kwa sauti.
Noelia bado anazungumzia vumbi.

Na asubuhi, kabla sijachemsha kahawa,
nasikia chuma kikikwaruza vigae.
Kinakwenda upande wa pili.