Dole la Baba

Karatasi nimeipata sandukuni, chini ya vyeti vya chanjo.
Mhuri wa mahakama ya Lamu, wino wa zambarau,
na alama ya dole gumba la babangu, Twaha Kombo,
imetulia kama kwato la punda kwenye tope la Langoni.

Mwaka huo nilikuwa na miaka tisa.
Jiwe la matumbawe lilichomoka kambani
kwenye jumba la tajiri, kule Shela;
mimi nilikuwa nimempelekea fundi chai.
Vidole viwili, mkono wa kulia.

Laki tatu za mtoto, alisema wakili.
Baba akapokea elfu arubaini,
na kwa zilizobaki karani akaandika neno moja:
Amesamehe.

Nani?
Mimi nilikuwa kwa bibi, nikijifunza kula kwa kushoto,
naye akigeuza uso asinione.

Nimekwenda kwa kadhi. Nimemuuliza,
mzazi aweza kusamehe kisicho chake?
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu.
"Mali ya yatima na ya mtoto, mwanangu, ni amana.
Mlinzi hufungua ghala kwa haja ya mwenyewe.
Ghala lenyewe hana ruhusa kuligawa."
Kisha: "Na zile arubaini, zilikwendea wapi?"

Ulimi ukaniganda.
Boriti kumi na nne za mkoko.
Zimeshika dari juu ya kitanda changu;
masika ile mtaa mzima ulivuja,
sisi tulilala wakavu.
Hilo sikumwambia.
Laki mbili na elfu sitini hazikuwa boriti.
Hilo nalo sikumwambia.

Siku hizi baba ana fedha za wazee.
Mashine haimsomi dole:
miaka ya kukoroga chokaa imelifuta,
laini kama kokwa la ubuyu.
Basi nimeandikishwa mimi, Mwanajaa binti Twaha,
kupokea kwa niaba yake.
Wakala aliniuliza mara moja tu: wewe ni nani wake?

Namkuta ukumbini, redio sikioni.
Naketi. Nazitoa noti, nazihesabu kwa sauti,
kwa mkono ule ule, vidole vitatu,
moja, mbili,
polepole kwa sababu zinateleza.

"Usihesabu," anasema, "nakuamini."

Nilikuwa nimefika ya nne.
Nazikusanya,
naanza upya.