Sita kwa Kumi

Mhakiki wa kwanza aliandika kwamba zimwi letu linasema mno.
Wa pili alisifu muziki, akasifu rangi ya ukungu,
kisha akasema mapigano yanakwenda kama foleni ya benki mwisho wa mwezi:
unapiga, unangoja, unapigwa, unangoja tena.
Sita kwa kumi.
Wa tatu hakumaliza. Alikiri mwenyewe, kiungwana,
kwamba alifika kwenye daraja la mifupa, akasinzia.

Tulikuwa wanne, Umoja, ghorofa ya tatu juu ya duka la vigae,
miaka mitatu na ushei,
na kompyuta moja inayovuma kama jiko la mafuta.
Otiato alichora. Kemunto alipiga hesabu:
makali ya upanga, uchovu wa farasi, bahati ya mchawi mlevi.
Jelagat alirekodi mlango wetu wa chuma ukifungwa,
akaupunguza mwendo, ukawa radi.
Na mimi wa maneno.
Mimi ndiye niliyelitia zimwi ulimi,
nikalifanya liombe radhi kabla ya kuuma.

Tahakiki zilipotoka tulizisoma kwa sauti,
Kemunto kasimama kama mwalimu mkuu
anayetaja matokeo mbele ya wazazi.
"Mchezo huu," akasoma, "unadai subira
ambayo mchezaji wa leo hana."
Akanyamaza. Otiato akachekea kikombeni.
"Wa leo yupi?" akauliza. "Wa leo wa wapi?"

Maana sisi zamu tunaijua.
Maji huja Jumanne na Alhamisi, mtaa wa pili Jumatano.
Stima hukatika, hurudi, haisemi ilikuwa wapi.
Ukienda kutafuta kitambulisho unakaa kiti,
unasogea kiti, unasogea kiti,
mpaka makalio yanajua kuhesabu kuliko kichwa.
Sikuwazia falsafa yoyote tulipokubaliana mchezo uwe wa zamu.
Niliona tu kuwa ni haki: kila mtu apige, kila mtu apigwe,
na ambaye si zamu yake atulie, aone.

Lakini nisijitetee. Zimwi kweli linasema mno.
Nilirudi kwake usiku ule, mistari mia nne na ushei,
nikaona pale nilipoipenda sauti yangu
kuliko nilivyomjali wa kutishwa.
Mhakiki wa kwanza, hiyo nakupa.
Mistari sabini imekwenda.
Iliyobaki naifia.

Alhamisi, Mwikali wa ghorofa ya kwanza, muuguzi,
anayelala sisi tukiamka,
alinikuta uani na mtungi.
Tulimpa mchezo bure, fidia ya kelele.
Sikumwuliza kitu. Alianza mwenyewe:
amefika darajani mara tisa.
Huchezea wodi ya wazazi, saa tisa usiku,
pakitulia, simu kaificha nyuma ya faili.
Kengele ikilia huiweka chini, upanga ungali hewani,
anakwenda, anazalisha, ananawa,
siku nyingine analia kidogo chooni,
anarudi,
na zimwi liko pale pale,
limeinua rungu, linangoja.
"Mji huu mzima," akasema,
"sijaona mwingine anayenisubiri hivyo."

Nikatafuta la kujibu, mimi wa maneno.
Nilitaka kumwuliza angetupa ngapi kwa kumi,
nikaona aibu.
Bomba likakohoa, likatema kutu,
kisha maji, membamba, ya kahawia, kisha meupe.
Nyuma yetu watu kumi na mmoja na ndoo zao.
"Zamu yako," akasema Mwikali,
akausukuma mtungi wangu kwa mguu.